Redio ya kidijitali Likasi: ya mbali yasikika vizuri, ya nyumbani bado iko FM

Katika maduka na vibanda vya Likasi, kama ilivyo Lubumbashi na Kolwezi, si rahisi siku hizi kupata redio mpya ambayo boksi lake halina neno "digital". Neno hilo linauza. Muuzaji analitaja kwanza kabla ya bei, na mnunuzi anaamini kwamba ameiaga redio ya zamani yenye mkasi wa kuzungusha na kelele za mvua.

Lakini neno hilo lina maana tatu tofauti, na zote zinauzwa kwa jina moja. Kuzichanganya kunazigharimu familia fedha. Kunaweza pia kuwagharimu wakazi wa mji huu wa migodi kitu kikubwa zaidi, yaani habari za mji wao wenyewe.

Maana ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi. Ni redio yenye kioo kinachoonyesha namba za masafa, vibonye badala ya mkasi, tundu la flashi, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, blututhi, na mara nyingi paneli ndogo ya sola mgongoni. Ni chombo kizuri, na kwa nyumba nyingi za Kikula au Panda kinatosha kabisa. Ila mawimbi yanayoingia kwenye antena yake ni yale yale ya FM yaliyokuwa yakiingia kwenye redio ya babu. Cha kidijitali humo ni kioo na muziki ulionakiliwa kwenye kadi.

Maana ya pili inafika kwa ndege. Ni redio ya DAB+, teknolojia ya matangazo ya kidijitali inayotumika sana Ulaya, ambayo ndugu wa Bruxelles au Liège huileta kama zawadi. Maana ya tatu ni redio ya intaneti, iwe ni kifaa maalumu chenye Wi-Fi au programu kwenye simu. Mkanganyiko mkubwa uko kwenye hizi mbili za mwisho.

Ichukuliwe redio ya DAB+ iliyotoka Ubelgiji. Umeme wa Kongo ni volti 220 kama wa kule, na plagi nyingi zinaingiliana bila shida. Chombo kinawaka, kioo kinang'aa, maelezo yanatokea kwa Kifaransa. Mwenye nyumba anabonyeza kitufe cha kutafuta stesheni. Mstari unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa kioo, kisha inaonekana sifuri. Anasogeza chombo dirishani, anavuta antena hadi mwisho, anarudia. Sifuri tena. Wengi hufikia uamuzi kwamba redio imeharibika safarini.

Redio haina kasoro yoyote. DAB+ husafiri katika masafa ya kati ya megahezi 174 na 240, mbali na FM inayokaa kati ya 87.5 na 108. Ili isikike lazima pawe na mtambo unaorusha matangazo ya aina hiyo karibu, na Likasi haina mtambo huo. Afrika Kusini ilianza majaribio ya DAB+ mwaka 2014 katika jimbo la Gauteng, lakini mawimbi ya Johannesburg hayawezi kufika Katanga. Hayavuki hata nusu ya safari.

Dawa iko ndani ya chombo chenyewe. Karibu kila redio ya DAB+ ina FM pia, imefichwa nyuma ya kitufe kinachoandikwa "Mode" au "Source", au "Bande" kwa zile za Kifaransa. Ikishabadilishwa, antena isimamishwe wima, chombo kiwekwe karibu na dirisha na mbali na bati la ukuta au friji. Chaja za bei rahisi na taa za LED zisizo na ubora nazo zisogezwe mbali, kwa sababu hizo ndizo zinazoleta mngurumo ambao watu huulaumu mnara. Baada ya hapo stesheni za mjini zinaingia, na mara nyingi zinasikika vizuri kuliko kwenye redio za kawaida, maana vipaza sauti vya vyombo hivyo ni bora.

Wakongo wanaoendesha magari yaliyotumika kutoka Japani wamekwisha kuliona jambo hili kwa namna nyingine. Redio za magari hayo zimetengenezwa kwa ajili ya masafa ya FM ya Japani, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa megahezi 76 hadi 90. Stesheni yoyote ya Lubumbashi iliyo juu ya 90 haisikiki mpaka fundi afunge kifaa cha kuongeza masafa au abadilishe redio nzima. Chombo hufuata sheria za nchi kilikotengenezwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu 21 Desemba 2020 unataka kila gari jipya lenye redio liweze kupokea matangazo ya kidijitali ya ardhini. Magari hayo nayo yataingia Kongo yakiwa yamechoka, na redio zake zitatafuta DAB+ kwenye barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi bila kupata kitu.

Swali linalowatia watu wasiwasi zaidi ni hili: je, FM itazimwa? Uvumi huo una mizizi yake kwenye runinga. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, uliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda mawimbi ya zamani ya runinga barani Afrika, huku baadhi ya nchi zikiongezewa muda hadi 2020 kwa sehemu ya masafa. Tanzania ilizima runinga ya analojia jijini Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na wananchi wakalazimika kununua ving'amuzi. Kongo ilifika tarehe ya 2015 ikiwa bado haijamaliza kazi hiyo. Kutokana na kumbukumbu hizo, wengi wanadhani redio ndiyo inayofuata.

Mkataba ule haukugusa FM. FM inaongozwa na mpango mwingine wa Geneva, wa mwaka 1984, ambao hauna tarehe ya mwisho. Hakuna chombo cha kimataifa kilichoiambia Kinshasa izime FM, na anayeuza redio kwa kutisha watu kwamba "FM inakwisha mwakani" anauza hofu.

Hata Norwei, nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya kitaifa, ilifanya hivyo mwaka 2017 kwa stesheni kubwa tu. Redio nyingi ndogo za mitaa ziliachwa zibaki FM. Uswisi nayo ilifika hapo 31 Desemba 2024, pale shirika la utangazaji la umma, SRG, lilipozima FM zake. Stesheni za binafsi zilizobaki FM ziliendelea kusikika kwenye magari na jikoni, na SRG ikapoteza sehemu kubwa ya wasikilizaji wake. Hizo ni nchi zenye umeme wa saa 24, na wananchi wanaoweza kununua redio mpya bila kuuza mbuzi.

Inabaki maana ya tatu, redio ya intaneti, na hapa ndipo Likasi imeingia kweli katika zama za kidijitali. Mtu mwenye simu ya kawaida ya kisasa na mega chache anaweza kusikiliza Radio Okapi, RFI kwa Kiswahili, DW, BBC, au stesheni ya muziki ya Nairobi, kwa sauti safi ambayo mawimbi mafupi hayakuwahi kuitoa. Kwa wanafunzi, kwa wafanyabiashara wanaofuatilia bei ya shaba, kwa wenye ndugu Goma na Bukavu wanaotaka kujua usiku huu umekuwaje, hayo ni maendeleo makubwa na si haki kuyabeza.

Kuifunga nyumbani si kazi ngumu. Redio ya Wi-Fi inahitaji mtandao, na katika nyumba nyingi mtandao huo ni simu moja iliyowashwa ili iwagawie wengine. Mtumiaji anaingiza neno la siri kwa subira, herufi moja moja, kwa sababu kioo ni kidogo. Kisha anatafuta stesheni kwa nchi au kwa jina, na akiipata anaihifadhi kwenye kibonye kimoja ili wazee wa nyumbani wasihangaike. Jambo la muhimu linalosahaulika ni kuchagua ubora wa sauti. Stesheni nyingi hutoa zaidi ya njia moja, na kwa mazungumzo na habari ile ndogo inatosha.

Tofauti kati ya njia hizo inaonekana kwenye uniti. Matangazo yanayosafiri kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Kwa kilobiti 128 ni karibu 58. Nyumba inayowasha redio saa 4 kwa siku, habari za asubuhi na jioni pamoja na mahubiri au mpira kidogo, itatumia karibu gigabaiti 3.5 kwa mwezi kwa ubora wa chini, na karibu 7 kwa ubora wa juu. Hayo ni kabla mtoto yeyote hajafungua video. Kwa FM, saa hizo hizo 120 hazigharimu mega hata moja, wawe wanasikiliza watu watatu au mtaa mzima umekaa chini ya mwembe.

Hapo ndipo mzigo unapohama. Katika FM, gharama ya kufikisha sauti inabebwa na stesheni: mtambo, mnara, mafuta ya jenereta. Katika redio ya intaneti, sehemu kubwa ya gharama hiyo inahamia kwa msikilizaji, na anailipa kwa Vodacom, Airtel au Orange bila kujua kwamba analipia usafiri wa habari. Wakongo wana kumbukumbu chungu ya malipo ya namna hii. Mnamo Septemba 2020 serikali ilianzisha tozo ya kusajili simu, RAM, iliyokatwa moja kwa moja kwenye uniti: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Ilizua hasira kubwa hadi ikaondolewa mwaka 2022. Wakati ikiwepo, aliyehama kutoka simu ya kitochi kwenda simu ya intaneti alilipa mara saba.

Halafu kuna umeme. Redio ndogo ya FM hula chini ya wati 1 na betri zake hukaa wiki. Redio ya Wi-Fi pamoja na kifaa cha kugawa mtandao zinaweza kufika wati 15. Paneli ya sola ya wati 20, aina inayoonekana juu ya mabati mengi, ikipata jua zuri la saa 5 inatoa kama wati-saa 100 kwa siku. Saa 4 za redio ya intaneti zinachukua 60 kati ya hizo. Zinazobaki ni za taa na simu za watu wote. Starlink, iliyopewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ARPTC Mei 2025 baada ya kupigwa marufuku mwaka uliotangulia, inatatua tatizo la mtandao kwa mwenye fedha, lakini sahani yake inataka umeme mwingi zaidi kuliko vyote vilivyotajwa.

Ni ajabu kidogo kuzungumzia uhaba wa umeme Likasi. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, umezungukwa na mabwawa. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilijengwa na Union Minière kwa ajili ya migodi na kuanza kazi mwaka 1930. Koni lilifuata miaka ya 1950. Mwadingusha imekarabatiwa kwa fedha za mgodi wa Kamoa-Kakula na mwaka 2021 mitambo yake 6 ilirudi ikiwa na uwezo wa megawati 78. Umeme huo unaingia kwenye gridi ya SNEL na shaba ina nafasi ya mbele katika foleni. Mkazi anayeishi chini ya nyaya hizo anabaki na delestaji, na redio yake inazimika katikati ya taarifa ya habari.

Historia nayo inaonya. Redio ya kidijitali si ngeni barani Afrika. Oktoba 1998 setilaiti ya AfriStar ilirushwa kutoka Kourou na kampuni ya WorldSpace, iliyoasisiwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia aliyesema anataka kulifikishia bara lake habari na elimu. Redio zake zilianza kuuzwa mwaka 1999. Zilikuwa na antena ndogo bapa ya kuelekeza angani na sauti safi kutoka Dakar hadi Cape Town, bila kujali milima wala mipaka. Wazo lilikuwa zuri. Vyombo vilikuwa ghali, kisha baadaye chaneli nyingi zikawa za kulipia, na hata wateja waliopatikana wengi walikuwa India. Oktoba 2008 kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Redio zile hazikuweza kupokea setilaiti ya kampuni nyingine yoyote.

Hadithi hiyo ilijirudia kimya kimya mwaka 2021, pale huduma ya Reciva ilipofungwa. Reciva ilikuwa orodha ya stesheni iliyotumiwa na redio nyingi za Wi-Fi za chapa mbalimbali. Ilipofungwa, vyombo vizima, visivyo na kasoro, vikakosa mahali pa kutafutia stesheni. Nani angefikiri kwamba redio iliyo sebuleni Likasi inategemea kompyuta ya kampuni ya mbali kuendelea kulipiwa? Redio ya FM ya mwaka 1975 bado inapokea stesheni iliyofunguliwa jana.

Wako watakaosema kwamba intaneti inawapa wananchi uhuru ambao mnara hauwezi kutoa. Kuna ukweli ndani yake. Serikali ya Kinshasa iliizima RFI kwenye FM kuanzia Julai 2009 hadi Oktoba 2010. Desemba 2012 Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza 25 Februari 2002, iliondolewa hewani Kinshasa kwa siku chache baada ya mahojiano na kundi la M23. Mwenye intaneti aliweza kupita pembeni.

Lakini intaneti nayo ina mlango, na mlango huo umewahi kufungwa. Tangu 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, hadi 19 Januari 2019, intaneti ilikatwa Kongo. RFI pia ilizimwa FM siku hizo hizo. Kwa karibu wiki 3, wakati ambapo nchi nzima ilitaka kujua nani ameshinda, redio zote za Wi-Fi zilikuwa mapambo. Waliosikia chochote walisikia kwa FM za mitaa, kwa mawimbi mafupi, au kwa radio trottoir, ile redio ya vijiweni ambayo haihitaji leseni na haijawahi kukosa wasikilizaji. Na Machi 2025, Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1962, ilinyamazishwa kutoka Washington. Msikilizaji wa FM na wa intaneti walikosa matangazo kwa pamoja. Chombo cha kisasa hakisaidii kitu pale chanzo kinapokauka.

Hayo yote ni kuhusu sauti za mbali. Jambo zito zaidi ni la karibu. Mwaka 2008 kipindupindu kilipiga Likasi na Lubumbashi kwa nguvu. Katika siku za namna hiyo, taarifa anayoihitaji mama wa Kikula haitoki Paris wala Bonn: ni kisima gani kimepimwa, klorini inagawiwa wapi, kituo gani cha afya kinapokea wagonjwa usiku. Taarifa hizo hutolewa na stesheni za mjini kwa Kiswahili cha Katanga, kile ambacho bibi anakielewa bila kutafsiriwa. Ndizo pia zinazosema Régideso imekata maji mtaa gani, shule gani imefungwa, barabara ya Kambove ina nini, nani amefiwa.

Stesheni hizi ndizo zilizo dhaifu zaidi katika ulimwengu wa kidijitali. Nyingi ni za jamii au za kanisa. Kurusha matangazo kwenye intaneti saa 24 kunahitaji mtandao wa kudumu na umeme wa kudumu, na kwa redio inayohangaika kununua mafuta ya jenereta hiyo ni anasa. Baadhi ya redio za namna hiyo nchini hutumia Facebook kwa saa chache, na wanaofaidika zaidi ni wana wa mji walioko Johannesburg au Ubelgiji wanaotaka kusikia habari za kwao. Ndani ya Likasi kwenyewe, nyumba inayofunga redio ya Wi-Fi na kuiweka FM kabatini inapata dunia nzima isipokuwa mtaa wake.

Siku moja Kongo italazimika kuamua juu ya redio ya kidijitali ya ardhini, na hoja za kuitaka zipo. Mtambo mmoja wa DAB+ unaweza kubeba stesheni 12 au zaidi kwa pamoja, hivyo gharama ya mnara na umeme inagawanywa. Katika miji ambamo masafa ya FM yamejaa hadi stesheni zinaingiliana, hilo ni jambo la kuvutia. India imechukua njia nyingine, DRM, ambayo inatumia mitambo mikubwa ya masafa ya kati kufika vijijini mbali. Kwa nchi yenye ukubwa wa Kongo, hiyo ya pili inafaa kuangaliwa kwa makini kuliko DAB+ inayopendwa na wauza mitambo.

Ila stesheni 12 kwenye mtambo mmoja ni stesheni 12 chini ya swichi moja. Kenya ilijifunza hilo Februari 2015, wakati runinga kubwa za binafsi za NTV, KTN na Citizen zilipokosekana hewani kwa karibu wiki 3 katika mvutano na serikali juu ya kuhamia dijitali, na moja ya mambo yaliyogombewa ilikuwa nani amiliki mitambo ya kusambaza mawimbi. Katanga haina haja ya kufundishwa thamani ya mnara: tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa jimbo hilo kwa njia ya redio. Sheria mpya ya habari na Kanuni ya Dijitali, zote za 13 Machi 2023, zimeweka msingi wa kuzungumzia mambo haya. Kabla CSAC na ARPTC hazijatoa leseni kwa msambazaji yeyote wa mawimbi, watu wa Likasi wana haki ya kujua mambo mawili: nani atashika ufunguo wa mtambo, na redio ya jamii italipa kiasi gani kukaa ndani yake. Ikiwa ada itapangwa kwa dola za Kinshasa, redio za mjini ndizo zitakazokuwa za kwanza kubaki nje.

Kwa sasa, uamuzi ulio mikononi mwa familia ni mdogo na rahisi. Redio ya Wi-Fi au simu ni nyongeza nzuri kwa mwenye mega, na redio ya DAB+ iliyoletwa kama zawadi isitupwe, ibadilishwe tu iwe FM. Simu nyingi za bei nafuu zina FM ndani yake, inayofanya kazi bila uniti pindi waya wa sikioni unapochomekwa, kwa sababu waya huo ndio antena. Simu nyingi za gharama kubwa zimeiondoa. Na kwa anayenunua redio mpya dukani, kuna jaribio lisilohitaji fundi: muuzaji achomoe waya wa umeme, azime blututhi, atoe flashi, kisha atafute stesheni ya Likasi kwa betri peke yake, hapo hapo mbele ya mteja, kabla noti hazijahesabiwa.